Neema ya Mgongo: Wanyama wa Kupanda na wa Kazi katika Kurani, Wakitazamwa kutoka Dilolo

1. Utangulizi

Miongoni mwa neema ambazo Kurani inamkumbusha mwanadamu, mgongo wa mnyama una mahali pake maalumu. Mkazi wa Lamu, ambako punda hupita na mawe na saruji katika vichochoro visivyopitika kwa gari, haoni tabu kuelewa jambo hilo. Ushahidi wake unapita mlangoni kila asubuhi. Lakini aya hizo husomwa pia katika nchi ambazo kwa karne nyingi hazikujua farasi wala punda wa mizigo. Mojawapo ni Dilolo, magharibi ya mkoa wa Lualaba, kwenye mpaka wa Kongo na Angola, mahali ambapo Kichokwe, Kilunda na Kiluvale ni lugha za nyumbani, na Kiswahili ni lugha iliyoenezwa na kazi ya migodi, reli na utawala.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili. Kwanza, maana ya neema hiyo kama inavyodhihirika katika msamiati wa Kiarabu na wa Kiswahili. Pili, jinsi historia ya Dilolo na njia zake inavyoiangaza maana hiyo kuliko pengine nchi yenye punda wengi. Hoja itakayotetewa ni kwamba neema inayotajwa haimo katika kummiliki mnyama; imo katika kuondolewa mzigo mgongoni mwa mtu. Pale ambapo mzigo haukuondoka, mtu mwenyewe alifanywa mnyama wa kazi.

2. Jina la mnyama na jina la neema

Kurani huwaita wanyama wa kufugwa, yaani ngamia, ng'ombe, kondoo na mbuzi, kwa jina la al-an'am, ambalo pia ni jina la sura ya 6. Neno hili na neno ni'ma, ambalo Kiswahili kimelipokea kwa umbo la neema, yana herufi za mzizi zile zile. Watunga kamusi wa Kiarabu hawakuliacha jambo hilo lipite. Ar-Raghib al-Isfahani, aliyeandika kamusi mashuhuri ya maneno ya Kurani, anaeleza kwamba ngamia waliitwa hivyo kwa sababu kwa Waarabu hapakuwa na neema kubwa kuwashinda. Aidha, sura ya 16, an-Nahl, ambayo ndiyo yenye maelezo marefu zaidi juu ya wanyama wa kazi, iliitwa na baadhi ya wanazuoni wa kale Sura ya Neema.

Kiswahili kilipokea neema lakini hakikupokea an'am. Mahali pa neno hilo kina mifugo, linalotokana na kitenzi -fuga. Tofauti hii si ndogo. Kiarabu humtaja mnyama kwa upande wa aliyempa. Kiswahili humtaja kwa upande wa mkono uliomlea na kumzoeza. Msikilizaji wa Kiswahili anaposomewa tafsiri, uhusiano wa jina la mnyama na jina la neema humpotea, lakini hupata kitu kingine ambacho jina la Kiarabu halikitaji: kwamba mnyama hafai mpaka afugwe.

Kuna tatizo jingine katika Kiswahili cha Katanga. Neno neema huko husikika zaidi makanisani, kwa maana ya kipawa cha rohoni kisichoshikika. Katika an-Nahl, neema inashikika kwa mkono: ni sufi inayotia joto, ngozi inayofanywa hema, maziwa, nyama, na mgongo. Msomaji aliyezoea maana moja hana budi kujizoeza na ya pili, maana hoja yote ya sura hiyo imejengwa juu yake.

Hali kadhalika, majina ya wanyama wenyewe hayalingani. Aya ya 8 ya sura hiyo inawataja farasi, baghala na punda. Neno baghala limeingia katika Kiswahili cha pwani, ila linalotumika zaidi ni nyumbu. Tatizo ni kwamba nyumbu kwanza ni mnyama wa mwituni, jamaa ya swala, na kwa msikilizaji wa bara maana hiyo ndiyo inayomjia upesi. Vivyo hivyo punda: katika mkoa wa Lualaba, penye sehemu ya hifadhi ya Upemba iliyoanzishwa mwaka 1939, yupo punda milia, ambaye hana hatamu wala tandiko. Hivyo aya ya wanyama waliotiishwa humfikia msikilizaji kwa majina yanayoweza kumkumbusha wanyama wasiotiishwa hata kidogo.

3. Mpangilio wa aya

Maelezo ya an-Nahl, aya ya 5 hadi ya 8, yana mpangilio wa makusudi. Kwanza yanatajwa manufaa ya mwili: joto na chakula. Kisha uzuri, pale mifugo inaporudi jioni na inapotoka asubuhi. Nao unahesabiwa kuwa neema kamili. Tatu, wanyama hubeba mizigo ya watu hadi nchi ambayo wasingeifikia isipokuwa kwa mashaka ya nafsi zao. Neno la Kiarabu lililotumika hapo, shiqq, lina pia maana ya nusu ya kitu, na wapo wafasiri walioeleza kwamba maana yake ni safari inayomla mtu nusu ya nguvu zake. Nne, wanatajwa farasi, nyumbu na punda kwa ajili ya kupandwa na kuwa pambo. Mwisho, inaongezwa kwamba Mwenyezi Mungu huumba hata vile ambavyo wasikilizaji hawavijui.

Sura nyingine zinaukamilisha mpangilio huo. Yasin, aya ya 71 hadi ya 73, inataja kwamba wanyama hao walidhalilishwa kwa ajili ya watu, ndipo wakapatikana wa kupanda na wa kula. Az-Zukhruf, aya ya 12 hadi ya 14, inawaweka pamoja wanyama na majahazi, na kumfundisha anayepanda akumbuke neema akiwa amekwisha kukaa sawasawa, akiri kwamba kwa nguvu zake mwenyewe asingekiweza alichokipanda, na kwamba marejeo yake ni kwa Mola wake. Ndiyo asili ya dua isomwayo hadi leo katika mabasi, vyombo vya bahari na ndege.

Kwa mintarafu hiyo, Kiswahili kina neno linaloitoshea aya hiyo vizuri sana: kipando. Limetokana na kitenzi -panda, nalo hutumika kwa farasi, kwa jahazi na kwa gari bila ya kubagua. Kilicho muhimu katika kipando si damu wala chuma. Ni kwamba mtu amechukuliwa.

4. Ng'ombe wa Katema

Ushahidi mzuri wa tofauti baina ya kummiliki mnyama na kumtiisha unapatikana katika nchi ya Dilolo yenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 1854, David Livingstone alipita huko akitoka Linyanti kuelekea Luanda, pamoja na watu 27. Kipando chake kilikuwa fahali aitwaye Sinbad, jina la baharia wa hadithi za Alfu Lela Ulela. Fahali huyo alikuwa na mgongo laini lakini tabia yake ilikuwa ngumu. Aliweza kumwangusha mpandaji wake wakati wowote aliotaka. Mnamo mwezi wa Februari msafara ulifika Ziwa Dilolo, ambalo leo limo ndani ya Angola, kusini mwa mji wa Kongo wenye jina lile lile. Mwaka uliofuata, alipokuwa akirudi, Livingstone alitambua kwamba hapo ndipo maji yanapogawanyika, mengine yakienda Zambezi na mengine Kasai.

Kabla ya kufika ziwani, msafara ulikaa kwa mtawala wa Kilunda aitwaye Katema. Mtawala huyo alikuwa na kundi la ng'ombe wapatao 30, wengi wao weupe, wote wakiwa uzao wa wawili aliowanunua ujanani mwake. Walikuwa wanyama wazuri na wenye afya. Lakini walikuwa wakali kama nyati. Alipotaka nyama, watu walilazimika kuwanyatia na kuwapiga risasi kama wanyama wa mwituni. Na wala hawakuwa wakikamuliwa.

Kisa hiki kinafaa kutafakariwa pamoja na aya ya Yasin. Katema alikuwa na mali, uzuri na nyama. Yaani alikuwa na baadhi ya manufaa yanayotajwa katika an-Nahl. Alichokosa ni lile tendo la katikati ambalo Kurani hulitaja kwa neno la kudhalilishwa, na Kiswahili kwa neno la kufuga. Kwa hiyo hakuwa na maziwa, na mizigo ya watu wake iliendelea kubebwa na watu wake. Haifai kumcheka. Kwao ng'ombe alikuwa mgeni, na ujuzi wa kukamua au wa kutia nira hauji pamoja na ng'ombe wawili wa kununua. Hurithiwa kwa vizazi. Kisa chake kinaonyesha tu kwamba neema ya mnyama ina sehemu inayotoka juu na sehemu inayofundishwa na watu kwa watu.

5. Mbung'o na mgongo wa mtu

Ujuzi, hata hivyo, haukuwa kizuizi pekee. Sehemu kubwa ya Afrika ya Kati ni makao ya mbung'o. Livingstone alimweleza nzi huyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1857, baada ya kupoteza ng'ombe zaidi ya 40 katika safari moja. Mwaka 1866 alijaribu tena kutoka upande wa Ruvuma, akiwa na ngamia 6, nyati 3 wa kufugwa na ndama wao, nyumbu 2 na punda 4, ili aone ni wanyama gani wangestahimili. Wanyama hao walikufa njiani, na yeye mwenyewe alilalamika kwamba walipigwa na kusukumwa kupita kiasi, hata isijulikane kilichowaua ni nzi au ni fimbo. Chanzo cha ugonjwa wa nagana kilithibitishwa baadaye: mnamo 1894 na 1895, huko Zululand, daktari David Bruce alionyesha kwamba mbung'o humwambukiza mnyama kijidudu cha damu.

Matokeo yake yanajulikana katika historia ya Katanga. Pembe za ndovu, shaba, chumvi, mpira na bidhaa za madukani zilipita kwa miguu ya watu. Kutoka mashariki ilikuja misafara ya Wanyamwezi na ya watu wa pwani hadi Bunkeya, makao ya Msiri. Kutoka magharibi ilikuja misafara ya Waovimbundu wa nyanda za juu za Angola, ikipita katika nchi za Wachokwe na Walunda. Wengi waliobeba walikuwa watumwa, na mwisho wa safari mbebaji aliuzwa pamoja na mzigo. Mwaka 1891 msafara wa Stairs, uliotumwa kuitwaa Katanga kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili, uliondoka Bagamoyo na mamia ya wapagazi. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba mwaka huo. Na wapagazi wengi walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu kabla ya kuiona tena pwani.

Hapa maneno juu ya mashaka ya nafsi yanaacha kuwa mfano. Kurani inawaambia watu: kama si wanyama, mngefika kwa kujimaliza wenyewe. Katika njia za Dilolo na Bunkeya, sharti hilo lilikuwa ndiyo hali halisi.

6. Kutiisha na kutumikisha

Lugha ya Kiarabu inatoa onyo lake hapa. Kitenzi sakhkhara, kinachotumika katika az-Zukhruf kwa kutiishwa kwa vipando, ndicho chenye mzizi mmoja na neno sukhra, yaani kazi ya kulazimishwa bila ya malipo. Kiswahili kina neno lake, shokoa, ambalo wazee wa nchi nyingi za Afrika Mashariki hawakulisahau. Tendo likielekezwa kwa mnyama, chini ya masharti yake, ni neema. Likielekezwa kwa mwanadamu, ni dhuluma.

Katika Kongo ya Leopold, kuanzia 1885 hadi 1908, na hata baadaye chini ya Ubelgiji, tendo hilo lilielekezwa kwa mwanadamu waziwazi. Vijiji vilidaiwa wapagazi kama vilivyodaiwa chakula. Ofisa aliposafiri, alikaa juu ya kiti kilichobebwa mabegani mwa watu, ambacho Kiswahili cha pwani hukiita machela na watu wa Kongo hukiita kipoyi. Kwa maana ya lugha, machela nayo ni kipando, kwa kuwa aliye juu amechukuliwa. Ila aliye chini si mnyama. Tena aliyekaa juu hakuwa na haja ya kukiri kwamba nguvu si zake. Kiboko kilimwambia vinginevyo.

Kuna aya nyingine inayolihukumu jambo hili. Al-Israa, aya ya 70, inataja heshima waliyopewa wana wa Adamu, na mara tu baada ya kuitaja heshima hiyo inaeleza kwamba wamechukuliwa nchi kavu na baharini. Mfuatano huo una maana. Kuchukuliwa kumewekwa miongoni mwa dalili za utukufu wa binadamu wote, bila ya kutofautisha kabila, rangi wala dini. Kumfanya mtu kuwa kipando cha mwenziwe, basi, ni kuivua heshima hiyo.

7. Kipando cha chuma

Mzigo wa Dilolo ulikuja kuhamia kwenye reli. Ujenzi wa reli ya Benguela ulianza mwaka 1903 kutoka pwani ya Angola, ukafika mpakani mwaka 1929 baada ya kilomita zaidi ya 1,300. Na mwaka 1931 njia ya upande wa Kongo, kutoka Tenke hadi Dilolo, iliunganishwa nayo. Shaba ya Kolwezi na baadaye manganizi ya Kisenge, iliyomo katika eneo la Dilolo, ilipata njia ya kwenda baharini Lobito. Wasomaji wengi wa Kurani wa karne ya ishirini walivielewa vyombo kama hivi kuwa vimo katika yale ambayo wasikilizaji wa kwanza hawakuyajua, kama isemavyo aya ya 8.

Ufahamu huo ni sahihi, lakini hautoshi. Vita vya Angola viliikata reli hiyo mwaka 1975, na machimbo ya Kisenge yakadorora kwa kukosa njia. Reli iliyokarabatiwa hadi Luau, ng'ambo ya Dilolo, ilizinduliwa mwaka 2015, na mwaka 2018 shehena za madini ya Kongo zilianza kuipitia tena. Chuma nacho basi ni kama ng'ombe wa Katema: kuwapo kwake si kutiishwa kwake. Huhitaji amani, matengenezo na mapatano ya watu.

Zaidi ya hayo, kipando cha chuma hakikuondoa mzigo kwa kila mtu. Katika Kolwezi na vitongoji vyake, wachimbaji wadogo bado hupandisha magunia ya mawe yenye shaba na kobalti kwa migongo yao, na makala ya kupikia bado huja mjini juu ya baiskeli, ambayo wenyeji huiita kinga, ikisukumwa kwa miguu kwa kuwa shehena haimwachi mwenyewe apande. Kipando kipo, lakini mwenye kipando anatembea.

8. Haki za aliyetiishwa

Ikiwa mgongo ni neema, mwenye kuupokea ana wajibu. Mafunzo ya Kiislamu yamelieleza jambo hili kwa uwazi. Katika mkusanyiko wa Abu Daud imepokewa habari ya ngamia aliyemlilia Mtume katika bustani ya mtu wa Madina. Mtume alimpangusa nyuma ya masikio, kisha akamwita mwenyewe na kumkemea kwa kumshindisha njaa na kumchosha. Imepokewa pia katazo la kuifanya migongo ya wanyama kuwa viti vya mazungumzo, kwa sababu walitiishwa ili wafikishe safari, si ili wabebe uvivu wa watu.

Wanafikihi walizigeuza habari hizo kuwa hukumu. Mwenye mnyama analazimika kumlisha na kumnywesha. Asipofanya hivyo, kadhi anaweza kumlazimisha alishe au auze. Hairuhusiwi kumtwika asichoweza kukistahimili daima. Vilevile, kwa madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, na kwa Hanafi na Hanbali, mnyama wa kazi hatolewi zaka kama wa malisho, wakati Malik aliona kwamba hutolewa. Waliomsamehe mwenye mnyama huyo walimhesabu kuwa chombo cha riziki kuliko akiba ya utajiri.

Ni dhahiri kwamba sheria inayomzuia mtu kumtwika punda kupita kiasi haiwezi kunyamaza mbele ya gunia lililomzidi mchimbaji. Alicho nacho mnyama mbele ya kadhi, mtu anacho zaidi.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiarabu kimeliunganisha jina la mnyama na jina la neema, na kwamba Kiswahili, kwa neno mifugo, kimeliunganisha na kazi ya binadamu. Mitazamo hii miwili haipingani. Yasin inaijumuisha inapotaja mnyama aliyeumbwa na kisha kutiishwa. Imeonyeshwa pia kwamba nchi ya Dilolo, iliyokosa punda na farasi kwa sababu ya mbung'o, si mahali ambapo aya hizi hazina la kusema. Huko ndiko bei ya kuikosa neema hiyo ilikolipwa kwa mabega ya wapagazi, na ndiko inakoonekana kwamba reli, pikipiki na baiskeli zinahesabiwa kuwa neema kwa kipimo kile kile kilichompima ngamia: ni mzigo wa nani ulioondoka, na mgongoni mwa nani.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, iko kazi iliyobaki. Msamiati wa kupanda, kubeba, kutwika na kutua katika Kiswahili cha Lualaba, pamoja na majina ya vipando yaliyotoka Kifaransa na lugha za jirani, unastahili kukusanywa kwa utaratibu kabla wazee walioijua njia ya miguu hawajatoweka. Kitenzi -tua, kwa mfano, kinatosha kuwa mwanzo wa utafiti huo, kwa kuwa ndilo neno ambalo kila mpagazi alilingoja tangu alfajiri.